Modemu Nyuma ya Kabati

Nikienda nyumbani Kosele na kuulizwa nafanya kazi gani, huwa nasema nalinda stima ya nchi. Wazee hutikisa kichwa kwa heshima. Akina mama wa sokoni hawana heshima hiyo. Wao huniuliza mbona basi stima hupotea kila mvua ikinyesha, na mbona wale wanaonyonya mafuta ya transfoma hawajashikwa mpaka leo. Nimejaribu kueleza kwamba wezi wangu hawapandi nguzo. Wako mbali, wengine ng'ambo ya bahari, na wanachotafuta ni zile kompyuta zinazofungua na kufunga swichi kubwa za vituo vya stima. Wakizipata wanaweza kuzima kaunti nzima bila kutoka kitandani. Muuza omena mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga gazeti lake la kufungia dagaa hao, akaniuliza kama kweli serikali hunilipa kwa hadithi hiyo.

Hunilipa. Nina ofisi yenye zulia Nairobi, nina watu chini yangu, na nimekula kiapo cha siri, ndiyo maana hapa sitataja kituo wala mtu. Kazi yenyewe, ukiivua suti, ni kazi ya kushuku. Nashuku barua, nashuku simu, nashuku anayeingia kwa tabasamu na anayeingia bila tabasamu. Walio chini yangu husema nina hasira za karibu, na hawakosei. Nimewahi kumfokea mtu mzima mbele ya wenzake kwa kuandika neno la siri kwenye karatasi na kulibandika chini ya meza. Nilimuuliza kama nyumbani kwake huacha ufunguo chini ya zulia. Nikikumbuka siku hiyo natamani ardhi inimeze, kwa kuwa wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha mlango mkubwa kuliko huo, na mlango huo ulikuwa mikononi mwa kaka yangu.

Kaka amenizidi miaka saba. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, na tangu siku hiyo aliyekuwa akitia sahihi ripoti zangu za shule ni kaka. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi, akaajiriwa opereta wa kituo cha stima kilicho kando ya barabara kati ya Migori na Homa Bay, akakaa hapo miaka kumi na tisa. Opereta ni mtu wa kukaa. Kila saa husoma mita na kuandika kwenye kitabu, hungoja simu ya wakubwa wamwambie afungue swichi hii au afunge ile, na kama hakuna simu, hungoja tu. Kaka aliipenda kazi hiyo kwa namna ambayo mimi sijawahi kuipenda yangu. Aliweza kusimama uani, akausikiliza mngurumo wa transfoma, akaniambia kwamba watu wa mji wa Rongo wameanza kupika chakula cha jioni.

Alikuwa pia mtu wa leso. Leso nyeupe, iliyokunjwa mara nne, katika mfuko wa shati. Hakuketi kabla ya kupangusa kiti, hakushika simu kabla ya kuipangusa. Mama alikuwa akimtania kwamba huyu siku moja atapangusa yai kuku akiwa bado hajamaliza kutaga.

Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Unaweza kuwa na digrii tatu na gari la serikali. Kama kaka yako hajatoka katika boma la baba akaweka lango lake mwenyewe, wewe utakaa ukingoja. Kaka aliishi na mke wake na watoto katika nyumba ya kazi, ndani ya uzio wa kituo. Kibanda chake cha ujana nyumbani kilikuwa kimeshaanguka. Kila Krismasi alisema mwaka ujao atajenga, nami nilimtania kwamba amenifungia lango kwa kufuli. Mama hakutania. Alitaka kuliona lango la kifungua mimba wake kabla hajafumba macho, na alilisema hilo hata mbele ya mchungaji, ambaye alikuwa ametoka tu kuhubiri kwamba mambo hayo ya mila tuyaache.

Modemu iliingia hivi. Nilikuwa mwaka wangu wa pili serikalini, mjuaji kupita kiasi. Asubuhi moja kaka alinipigia simu: kompyuta ya chumba cha mitambo imeganda, mafundi wanasema watakuja wiki ijayo, naye hawezi kuziona swichi zake kwenye skrini. Nikamwambia aende mjini Homa Bay anunue modemu, kile kidude cha laini ya simu kinachochomekwa kwenye kompyuta kuipa intaneti. Aliporudi nilimwelekeza hatua kwa hatua aweke programu ya kuniwezesha kuiona skrini yake nikiwa Nairobi. Jina la kuingilia nililichagua mimi. Neno la siri nikaweka jina la ng'ombe wa mama, yule mweusi mwenye doa kwenye paji la uso. Katika nusu saa nilikuwa nimeiamsha kompyuta ya kaka yangu bila kuinuka kitini, naye akacheka kwenye simu kwa fahari, akaniita injinia.

Kisha akaniuliza kama aichomoe. Kaka hakuwa mjinga. Alijua mashine za kituo hazitakiwi kugusana na dunia ya nje. Nilimwambia aiache tu, itatufaa siku nyingine. Akavuta waya, akaiweka nyuma ya kabati la vyuma ambako mtandao ulishika vizuri, akaendelea na zamu yake. Itatufaa siku nyingine. Maneno hayo nimeyarudia kichwani mpaka yamechakaa, na bado ni yangu.

Miaka ikapita, nikapanda vyeo. Nikawa mtu wa kusafiri, wa kukaa meza ya mbele, wa kuwaambia wakuu wa mitambo kwamba hatari kubwa si mtambo bali ni mtu. Modemu nikaisahau. Kusahau huko kulikuwa kwa kweli, na sijui kama jambo hilo linanipunguzia kitu.

Ndipo mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Alilazwa Homa Bay. Mimi nilikuja siku mbili, nikazungumza na madaktari kwa Kiingereza changu cha ofisini, nikarudi Nairobi kwa sababu kulikuwa na mkutano. Aliyebaki ni kaka. Mama alikataa kulishwa na mtu mwingine. Alifumba mdomo mpaka aone mkono wa mwanawe. Basi kila saa sita mchana kaka alimwachia askari wa lango ufunguo, akapanda boda boda mwendo wa dakika ishirini, akamlisha mama uji na samaki aliyemchambua miiba, akarudi kabla ya saa nane. Muda wote huo simu yake ilikuwa wazi juu ya goti. Alikuwa akiziangalia mita za kituo kupitia ile modemu. Siku nyingine ilikuwa imefika.

Hayo hakuniambia. Nami sikumuuliza anawezaje kuwa kazini na hospitalini kwa wakati mmoja, mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza.

Mama alikuwa amerudi Kosele, akitembea kwa kushika ukuta, ofisi yangu ilipoamriwa kukagua vituo vyote vya stima nchini. Maafisa wangu walianza kwa kutazama kutoka nje, kama atazamavyo mwizi: ni mashine gani inaonekana kwenye intaneti ilhali haipaswi kuonekana? Wakaniletea orodha. Mstari mmoja ulikuwa wa kwetu, kituo cha kaka. Ilikuwa kompyuta ya chumba cha mitambo, inaonekana kupitia laini ya simu. Mtu asiyejulikana, kutoka nje ya nchi, amejaribu kuingia mara kadhaa, na mara moja amefaulu. Aliingia, akatazama, akatoka bila kugusa kitu. Afisa aliyeleta karatasi alisema hao wa kutazama tu ndio wa kuogopwa, kwa kuwa watarudi. Nilikuwa nimeshaliona jina la kuingilia. Zilikuwa herufi zangu. Nilihisi masikio yakiziba, kama mtu aliyepanda mlima upesi.

Ningeweza kusema papo hapo. Upo utaratibu wa mkaguzi kujitoa katika jambo linalomhusu yeye au ndugu yake, na fomu yake ni ya ukurasa mmoja. Badala yake nilisema kituo hicho nitakwenda mwenyewe. Nilijiambia naenda kumlinda kaka. Leo nadhani nilikwenda kuona kama kuna kitu kilichobaki chenye alama ya mkono wangu.

Tulifika saa nne asubuhi, mimi na maafisa wawili. Kaka alikuwa langoni, sare imepigwa pasi. Majina yetu hayafanani. Kwetu mtoto hupewa jina kwa wakati aliozaliwa, na kaka hakuwahi kuandikisha jina la baba. Alinitazama, akawatazama wenzangu, akaelewa kwamba hawajui. Akanisalimia kama anavyosalimiwa mgeni wa Nairobi.

"Karibuni wakubwa," akasema. "Lakini mtaandika jina kwa kitabu ya wageni kwanza. Hapa hakuna mtu anaingia bila kuandika."

Nikaandika. Mkono wake ulikuwa umeshikilia kitabu kisiteleze, na kalamu alikuwa ameipangusa.

Modemu hatukuitafuta. Yeye mwenyewe alilisogeza kabati la vyuma, akapitisha mkono, akaitoa kwa vidole viwili. Ilikuwa imefunikwa na vumbi la miaka, taa moja ya kijani ikipepesa. Mmoja wa maafisa wangu, mwanamke makini asiyepoteza maneno, akafungua daftari akauliza ni nani aliyeiweka.

Kaka aliigeuza modemu mkononi. Alichomoa leso, akaikunjua, akaanza kuipangusa modemu. Akapangusa juu, akapangusa chini, akaingiza ncha ya leso katika vitundu vya pembeni. Yule afisa akanitazama, kama anayeniuliza huyu mzee ana nini. Mimi nikatazama ukutani, palipokuwa na kalenda ya duka la mbegu, nikausoma ukurasa wote wa mwezi huo kama mtu anayetafuta sikukuu. Nje transfoma ilikuwa ikinguruma. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, naapa nilikuwa nayo, na yalikuwa mawili tu.

Mwishowe kaka akaikunja leso mara nne, akairudisha mfukoni.

"Ni mimi," akasema. "Niliweka mwenyewe."

Afisa akaandika. Na mimi nikaandika.

Ripoti niliitunga mwenyewe, neno kwa neno. Kifaa kisichoidhinishwa kilipatikana katika chumba cha mitambo. Opereta wa zamu amekiri kukiweka. Hakuna neno la uongo katika sentensi hizo mbili, na ndiyo maana mpaka leo naziogopa. Askari wa lango alipoulizwa alisema opereta alikuwa na tabia ya kutoka saa sita. Hilo nalo likaingia. Sababu ya kutoka haikuingia, kwa kuwa hakuna aliyeiuliza na aliyeijua alikuwa ndiye mwenye kalamu.

Kaka alifutwa kazi. Nyumba ya kazi huondoka na kazi, kwa hiyo shemeji na watoto walihamia kwa mama, Kosele, vitanda viwili katika chumba kimoja. Kaka mwenyewe alikwenda Masara, huko kwa wachimbaji wa dhahabu, akawa fundi wa kufunga mota za mashine za kusagia mawe. Mtu aliyekuwa akipangusa kiti kabla ya kuketi akawa analala katika kibanda cha maturubai, na vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Mimi nilipongezwa. Nilivikwa kilemba cha ukoka mbele ya wenzangu, nikakivaa, nikashukuru.

Mama hakuelewa mambo ya modemu. Alichoelewa ni kwamba serikali ilimkabidhi mwanawe wa kwanza nyumba ya stima, naye akauacha mlango wazi. Jumapili moja nilimkuta ana wageni wa kanisa. Aliwasimulia habari hiyo kwa yale maneno yake ya nusu nusu, yaliyomchosha mpaka jasho likamtoka, kisha akaninyooshea mkono ulio mzima: huyu ndiye aliyekuja kuufunga. Wageni wakanitazama kwa heshima. Kaka, aliyekuwa amekuja kutoka Masara siku hiyo, alikuwa amekaa kwenye kigoda miguuni pa mama, anamchambulia samaki. Hakuinua macho. Alitoa mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani, akatoa mwingine. Nami nikanywa chai yangu.

Baada ya siku hiyo nilikwenda Kosele mara mbili nikiwa nimepiga moyo konde kwamba leo namwambia mama. Mara ya kwanza alinipokea kwa furaha kubwa, akaniita mlinzi wa stima, nikaona vibaya kumharibia siku. Mara ya pili alikuwa amelala. Nilikaa kando ya kitanda chake saa nzima, nikimtazama anavyopumua kwa upande mmoja wa mdomo, na sikumwamsha. Kwenye gari nilijisifu kwamba nimemhurumia.

Alifariki mwezi uliofuata. Waliokuwa naye ni kaka na shemeji. Shemeji ni mwanamke mpole ambaye hajawahi kunilaumu kwa neno lolote, lakini baada ya mazishi, tukiwa tunaosha sufuria za matanga, aliniambia kitu nilichotamani asiniambie. Alisema swali la mwisho la mama, kabla maneno hayajamkauka kabisa, lilikuwa kwa kaka. Alimuuliza kama serikali imemsamehe. Kaka akamjibu kwamba ndiyo, imemsamehe, na wamemwita arudi kazini. Mama akamshika kidole, akalala.

Niliendelea kuosha ile sufuria muda mrefu baada ya kutakata.

Mwaka na miezi kadhaa ikapita bila kaka kunipigia simu. Nilipopiga mimi alijibu kwa adabu, akauliza hali ya watoto wangu, akasema mtandao wa Masara ni mbaya. Kisha siku moja akapiga yeye. Alisema Jumamosi anatoka, niwepo.

Kutoka, kwetu, ni kuhama boma la baba na kuanzisha lako, goyo dala. Kwa kuwa baba hayupo, baba mdogo ndiye aliyetangulia alfajiri kuonyesha mahali. Nyuma yake akaja kaka na shoka begani, mwanawe wa kwanza amebeba jogoo, na shemeji amebeba moto katika kigae cha chungu. Mimi nilikuja mwisho, nimebeba misumari. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja cha mabati, na ilipaswa kusimama kabla ya jua kuzama. Ikasimama. Kaka alipigilia msumari wa kwanza, akashindwa wa pili. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Huko Masara hakuishia kwenye mota. Alikuwa pia akichoma dhahabu kwa zebaki juu ya jiko, na moshi wa zebaki ukishaingia mwilini hauna adabu ya kutoka. Alimpa baba mdogo nyundo.

Jioni tuliketi juu ya mbao zilizobaki, yeye na mimi. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Alizungumza kwa Dholuo, lugha tuliyoanza nayo.

"Sasa njia yako iko wazi," akasema. "Jenga, omera, ndugu yangu. Usiningoje tena."

Nikaelewa ni kwa nini alikuwa amejenga. Mama hakuwepo tena wa kuliona lango hilo, na Jumatatu yeye mwenyewe angerudi kwenye maturubai yake. Alikuwa amejenga ili mimi nijenge. Nilishikwa na hasira, hasira za kijinga, nikamwambia siku ile kituoni angesema ukweli. Angesema ni mimi niliyemwambia aiache. Hakuna aliyemlazimisha kunifunika.

Alikunywa chai kidogo, akaweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Ile modemu haikuhitaji kupanguswa," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

Watoto walikuwa wakimkimbiza jogoo kuzunguka nyumba mpya, na shemeji akatuita tule.

Niliporudi Nairobi niliandika barua. Niliiandika kwa siku nne, mimi ninayeandika ripoti ya kurasa arobaini kwa siku mbili. Nilieleza kila kitu: modemu, jina la kuingilia, maneno niliyosema, fomu ambayo sikuijaza, mama na samaki wake wa saa sita. Nikampelekea mkubwa wangu mkononi. Aliisoma yote, akavua miwani, akasema kwa upole kwamba faili hilo lilifungwa zamani. Opereta alikiri kwa hiari yake. Kulifungua sasa kungeiaibisha ofisi na kusingemrudisha mtu kazini, kwa kuwa nafasi yake imeshapewa mtu mwingine. Akanirudishia barua, akanishauri nichukue likizo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufukuzwa, nimejiandaa hata kwa kushtakiwa. Kwa upole sikuwa nimejiandaa.

Nikachukua hiyo likizo, nikaenda Kosele na barua mfukoni. Kaka alikuwa amerudi kabisa kutoka Masara. Mikono ilikuwa haifai tena kwa waya. Nilimkuta mlangoni pa nyumba yake ya mabati, nikamsomea barua yote, nikiitafsiri nilipofika kwenye maneno magumu. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza transfoma, kichwa kimeinama upande. Nilipomaliza nilingoja, na nakiri nilichokuwa nikingoja. Nilitaka aniambie basi, yameisha.

"Umewaambia serikali," akasema. "Na mama?"

Nikamwambia mama hayupo.

"Yuko pale alipo."

Akaingia ndani, akatoka na viti viwili vya plastiki, kimoja kwenye kila mkono, vikigongana kwa ule mtetemo wake. Akavuka njia kuelekea boma la zamani, nami nikamfuata. Kaburi la mama liko upande wa kushoto wa nyumba yake, saruji imeanza kupasuka kona moja, na kuku wa jirani hupenda kuota jua juu yake. Kaka akawafukuza. Viti akaviweka pembeni.

Nilisimama. Kuzungumza na kaburi ni jambo ambalo ningemcheka mtu mwingine kwalo. Nilianza kwa lugha ya barua, kifaa, idhini, ukaguzi, nikajisikia kama nasoma hotuba kwa ukuta. Mama hakuwa na maneno hayo. Hakuwahi kuiona modemu. Ningemwambia jina la ng'ombe wake limetumika kufungulia kompyuta angenipima homa. Nikayaondoa maneno hayo moja baada ya jingine, nikitafuta yale ambayo angeyaelewa akiwa amekaa na bakuli lake la uji, na yaliyobaki ni yale mawili niliyokuwa nayo mdomoni siku ile mbele ya kalenda ya duka la mbegu.

"An ema," nikasema. Ni mimi. "Mlango niliuacha wazi mimi. Kaka hakukosa."

Sauti ilinitoka ndogo, nikalia, na nililia vibaya, kwa kamasi, kama mtu ambaye hajafanya mazoezi. Nilitamani kuendelea lakini sikujua kinachofuata. Wa kuniambia kwamba amesikia hakuwepo. Alikuwa amekwenda na swali lake, na jibu la uongo alilopewa na mtu aliyempenda kuliko nilivyompenda mimi.

Sijajenga mpaka leo. Shemeji huniuliza lini, na mimi nimechukua desturi ya kaka ya kusema mwaka ujao.

Siku ile kaburini sikugeuka upesi. Nilijua kaka yuko nyuma yangu kwa sababu nilisikia mkwaruzo wa kitambaa juu ya plastiki. Nilipotazama alikuwa ameinama juu ya kiti changu, na leso katika mkono unaotetemeka. Alikuwa akikipangusa taratibu, mgongo, kisha mikono, kisha miguu mmoja mmoja, na kiti hakikuwa na vumbi.